Giaboksi ya Otomatiki Ikilia: Sikiliza Kwanza, Fungua Baadaye

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya madereva, makondakta na mafundi, wanachama wa tawi letu, katika mkutano wa Magunga. Yamechapwa hapa kwa ombi la wale ambao hawakuweza kufika.)



Twajua kwamba kila saa dereva anayoketi mkutanoni ni saa ambayo gari lake haliingizi kitu, na hesabu ya mwenye gari haipungui kwa sababu hiyo. Kwa hivyo tutasema juu ya jambo moja tu: kelele zinazotoka katika giaboksi ya otomatiki ya gari lililozeeka, maana yake ni nini, na mfanya kazi afanye nini azisikiapo.

Labda mtu atauliza: je, hii ni kazi ya chama? Chama si cha mishahara na saa za kazi? Tutamjibu kwa habari ya mwenzetu mmoja, ambaye hatutamtaja jina. Yeye aliendesha Probox kati ya hapa na Sindo. Asubuhi moja gari likaanza kulia, sauti nyembamba kama ya mbu aliye mbali. Akamwambia mwenye gari: "Mzee, gari linalia." Akajibiwa: "Gari likitembea ni zima. Lete hesabu." Akasema mara ya pili, akasema mara ya tatu, kila mara kwa mdomo tu. Katika wiki ya tatu, gari likiwa na abiria na magunia ya omena, likaanza kupanda kilima. Injini ikanguruma, lakini gari halikusogea. Giaboksi imekufa.

Mwenye gari akasema dereva ndiye aliyeiua. Mshahara ukakatwa, na baada ya hapo kazi ikaondoka. Mwenzetu hakuwa na hata kipande cha karatasi cha kuonyesha kwamba alisema. Fundi alipoifungua ile giaboksi alikuta oili chini ya nusu ya kiasi chake, nyeusi, inanuka kuungua. Ilikuwa ikivuja kidogo kidogo kwenye sili ya shafti. Sili moja na chupa chache za oili zingaliokoa giaboksi, na pamoja nayo chakula cha watoto. Hii ndiyo sababu jambo hili ni la chama.

Tena iko hasara ya upande wa pili. Mwingine miongoni mwetu aliambiwa kwamba Noah yake yataka giaboksi nyingine, kwa sababu inagonga kila akiingiza gia. Alikuwa karibu kuuza ng'ombe. Fundi mzee akafungua boneti, akatazama, akaona mpira mmoja unaoshika injini umepasuka. Ukabadilishwa mpira huo, na kugonga kukaisha siku ileile. Wa kwanza alipoteza kazi kwa kelele iliyopuuzwa, na wa pili alikaribia kupoteza ng'ombe kwa kelele iliyosomwa vibaya.

MAGARI YETU NI YA UMRI GANI

Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo umri wake umepita miaka 8. Lakini gari halifi siku ile lifikapo Mombasa. Lililoingia na miaka 7, likafanya kazi huku kwetu miaka 10, sasa ni mzee wa miaka 17. Probox zilianza kutengenezwa Japani mwaka 2002. Zile za kwanza za otomatiki zina gia 4. Mwaka 2014 ikatoka Probox ya namna nyingine, ambayo otomatiki yake ni ile iitwayo CVT, isiyo na gia za kuhesabiwa bali mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili. Mengi ya magari haya yalikuja na kitabu cha Kijapani, ambacho hakuna anayekisoma, na oili iliyomo hakuna ajuaye ilitiwa lini.

JINSI GIABOKSI HII IFANYAVYO KAZI

Katika gari la gia za mkono, klachi inakanyagwa kwa mguu. Katika otomatiki, kazi hiyo hufanywa na oili. Mjerumani mmoja, Hermann Föttinger, ndiye aliyebuni mwaka 1905 njia ya kupitisha nguvu za injini kwa kutumia majimaji, naye aliibuni kwa ajili ya meli. Mwaka 1939 kampuni ya General Motors ya Marekani ikaanza kuuza magari ya Oldsmobile yenye gia za kujibadilisha zenyewe. Tangu siku hizo akili yake ni ileile.

Fikirini mapanga mawili ya feni yanayotazamana ndani ya chungu kilichojaa oili. Injini inazungusha moja. Oili inarushwa, nayo inalizungusha la pili. Chungu hicho ndicho kiitwacho toki konvata. Nyuma yake iko pampu, ambayo huzunguka wakati wowote injini izungukapo, hata gari likiwa limesimama. Nyuma ya pampu ziko gia zinazozungukana, gia moja katikati na ndogo zake kando, na klachi zinazozishika na kuziachia. Klachi hizo zabanwa kwa nguvu ya oili. Mwisho iko difu, na shafti zinazokwenda magurudumuni.

Basi tazameni kazi ya oili. Inapitisha nguvu, inabana klachi, inalainisha vyuma, na inaondoa joto. Mfanya kazi mmoja, kazi nne. Akipunguziwa chakula, au akiachwa miaka bila kubadilishwa, yeye ndiye wa kwanza kulalamika. Kelele nyingi za giaboksi ni malalamiko yake.

KELELE INAFUATA NANI?

Hili ndilo neno tunalotaka mwende nalo nyumbani. Msiulize kwanza, "Kelele hii yafananaje?" Masikio ya watu si sawa, mmoja husema inavuma, mwingine husema inasaga. Ulizeni, "Inafuata nani?" Kelele ya gari haikosi kufuata kitu kimoja kati ya vitatu: injini, magurudumu, au gia iliyoingizwa. Ukijua inafuata nani, umekwisha jua nusu ya ugonjwa kabla ya kushika spana.

Jaribio la kwanza. Simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka mawe kwenye magurudumu, gia iwe P. Kanyaga mafuta polepole. Kelele ikipanda na kushuka pamoja na injini ilhali gari limesimama, basi magurudumu hayana hatia. Mshukiwa ni pampu, au toki konvata, au kitu cha injini yenyewe, kama beringi ya jenereta au pampu ya usukani. Hivi viwili vya mwisho viko upande wa mikanda. Sikiliza pande zote mbili kabla ya kuhukumu.

Jaribio la pili. Gari likiwa bado limesimama, mguu ukiwa umekanyaga breki sana, toa gia P, ipeleke N, halafu D, halafu R, ukingoja kidogo kila mahali. Mtu anayesikiliza asimame kando ya gari, si mbele wala nyuma. Kelele ikiwapo katika D na R, na ikipungua au kwisha katika N, shuku toki konvata. Maana katika D gari likiwa limesimama, panga moja huzunguka na jingine limezuiwa, na beringi zilizo kati yao ndipo zisagikapo zaidi. Msikanyage mafuta mengi gari likiwa limezuiwa hivi. Oili hupata moto upesi sana, na utaharibu kile unachotaka kukipima.

Jaribio la tatu. Nenda barabarani mahali pasipo na watu, mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Bila kubadili mwendo, bonyeza kitufe cha O/D kama kipo, au shusha gia toka D hadi inayofuata chini. Injini itazunguka zaidi, lakini magurudumu yatabaki kama yalivyokuwa. Kelele ikipanda na injini, iko upande wa injini. Ikibaki ileile, iko upande wa magurudumu: difu, beringi ya gurudumu, au tairi lililoliwa vibaya. Ukipinda kidogo kushoto na kulia, na kelele ikazidi upande mmoja, karibu hakika ni beringi ya gurudumu, na giaboksi haihusiki.

Jaribio la nne. Sikiliza kila gia. Ikiwa mlio upo katika gia ya kwanza na ya pili, halafu unatoweka katika ya tatu, shuku zile gia zinazozungukana. Katika otomatiki nyingi za gia 4, gia ya tatu ni ile ambayo vyote hufungamana na kuzunguka kama kitu kimoja, kwa hiyo meno hayasagani.

KELELE TUZISIKIAZO MARA NYINGI

1. Mluzi au mvumo unaopanda na injini, hata katika P. Kwanza pima oili. Oili ikipungua, pampu hunyonya hewa, nayo hulia; na hulia zaidi gari likipanda kilima au likipinda, kwa kuwa oili hukimbilia upande mmoja. Kama oili inatosha, huenda filta imeziba. Kama filta ni safi, ndipo ushuku pampu yenyewe.

2. Kugonga mara moja uingizapo D au R. Mara nyingi ni mipira inayoshika injini na giaboksi. Fungua boneti, magurudumu yamewekewa mawe, msaidizi awe kando. Injini ikiruka sana gia inapoingizwa, mpira umepasuka. Kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, tazama viungo vya propela. Tena tazama kama injini inazunguka kwa kasi mno ikiwa haikukanyagwa mafuta.

3. Kutikatika kama mawe mkebeni, injini ikiwa imetulia. Kabla ya kutishika, shika kwa spana ndefu zile bati zinazokinga joto la paipu ya moshi, gari likiwa limepoa. Bati moja iliyolegea imewafanya watu wengi wafungue injini bure. Kama si bati, huenda sahani ya chuma inayounganisha injini na toki konvata imepasuka, au bolti zake zimelegea. Hili ni la haraka, usiendeshe zaidi.

4. Tik-tik-tik ukikata kona. Hiyo ni sivi jointi ya nje. Si giaboksi.

5. Mtetemo kama unapita juu ya matuta madogo yaliyofuatana, gari likiwa mwendo wa 60 hadi 80. Ni klachi ndogo iliyo ndani ya toki konvata, inashika na kuachia. Oili iliyochoka au isiyo ya aina yake huleta jambo hili, na kuibadilisha mapema huenda kukaliponya.

6. Kusaga kwa chuma juu ya chuma kunakozidi kila siku. Hapa hakuna dawa ya chupa. Simamisha gari. Beringi ikivunjika, vipande vyake hubebwa na oili na kupelekwa kila mahali, na matengenezo ya kitu kimoja yanageuka ya vitu kumi.

Na jambo moja kwa mafundi vijana. Ile mashine inayochomekwa garini ili kusoma makosa ni nzuri, twaikubali. Lakini husoma yale yaliyo na waya. Beringi haina waya. Mashine ikisema gari halina kosa, na sikio linasema liko, amini sikio.

KUPIMA OILI

Kwa Toyota nyingi zenye kijiti: gari liwe tambarare, giaboksi iwe imepata moto kwa safari, injini iwe inazunguka. Pitisha gia katika nafasi zote, urudi P. Toa kijiti, kifute, kirudishe, kitoe tena, usome alama ya moto. Honda hupimwa injini ikiwa imezimwa, mara tu baada ya kuzimwa. Mengine hayana kijiti, nayo hupimwa toka chini na fundi mwenye kipima joto.

Tazama rangi yake juu ya kitambaa cheupe. Nyekundu safi ni njema. Ya kahawia yenye harufu ya kuungua ni dalili kwamba klachi zinaungua. Kama imekuwa kama maziwa yenye rangi ya waridi, maji ya rejeta yameingia; usiwashe gari tena. Ukifungua sampu, unga mwembamba wa kijivu juu ya sumaku ni wa kawaida. Vipande vinavyong'aa si vya kawaida.

Usitie oili yoyote kwa kuwa tu ni nyekundu. Otomatiki nyingi za zamani za Toyota hutaka T-IV, zilizofuata hutaka WS, na CVT ina oili yake peke yake. Soma kijiti, au uliza kabla ya kununua. Wala usijaze kupita alama. Oili ikizidi hupigwa ikawa povu, na povu halibani klachi.

MAMBO YA KUACHA

Tuache kushuka vilima vya Gwassi gia ikiwa N ili kuokoa petroli. Gari linakosa kushikwa na injini, breki zinapata moto, na giaboksi inazungushwa na magurudumu ilhali pampu yake inakwenda polepole. Tumieni gia ya chini. Tuache kuingiza R gari likiwa bado linakwenda mbele. Tuache kuvuta gari la otomatiki kwa kamba, magurudumu yake ya kusukuma yakiwa chini: injini ikizimwa pampu haifanyi kazi, na vyuma vinazunguka vikavu. Na tuache kupakia gari la watu 5 kana kwamba ni lori. Uzito ule juu ya kilima ni joto, na joto ndilo linaloua oili. Twajua wengi hupakia hivyo kwa sababu ya hesabu ya mwenye gari. Hilo ni shauri la kulipigania pamoja, kwa kuwa dereva mmoja akikataa peke yake, mwingine atapewa ufunguo.

DAFTARI

Sasa twarudi kwa mwenzetu wa kwanza. Hakukosa sikio, alisikia vizuri. Alikosa maandishi. Kamati yaomba kila dereva awe na daftari dogo garini, na aandike namna hii:

"Tarehe. Kilomita. Mvumo, injini ikiwa baridi, upo P na D, unapanda na injini. Oili iko chini ya alama, imeanza kuwa nyeusi. Nimemwarifu mwenye gari kwa ujumbe wa simu saa 1 asubuhi. Amejibu: endelea."

Maneno yasiyozidi arobaini. Ujumbe wa simu usiufute. Nao huo ni ushahidi.

Sheria iko upande wetu kama tukijua kuitumia. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa mali iliyoharibika pale tu uharibifu ulipotokana na kosa la makusudi la mfanya kazi, na akate kiasi cha haki. Gari lililozeeka na kuvuja oili si kosa la makusudi la dereva. Tena makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili za mshahara. Na kifungu cha 41 chasema kwamba kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa, mwajiri lazima amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu na kumsikiliza, naye ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama. Usiende peke yako. Chukua daftari, njoo kwa mwakilishi, mwende wawili.

Lakini daftari lina upande wake mwingine, nao twausema wazi. Kama wewe ndiwe uliyesikia ukanyamaza, au uliyejaza oili isiyofaa, daftari halitakusaidia, wala chama hakitasema uongo kwa ajili yako. Mfanya kazi anayetaka haki yake awe kwanza amefanya kazi yake.

Na kwa wenye magari, ambao wengine wao ni jamaa zetu na wamekopa ili kununua hilo gari moja, twasema hivi: dereva anayekuambia gari linalia hakuletei hasara. Anakuonyesha hasara ikiwa bado ndogo.

Kesho asubuhi, ndugu, kabla ya abiria wa kwanza, zimeni redio. Washeni gari, gia iwe P, msikilize kwa dakika moja. Halafu D, halafu N. Mkisikia kitu, ulizeni kinafuata nani, mkiandike, na mseme kwa yule anayepaswa kuambiwa. Mkutano ujao kila mmoja aje na daftari lake, tulisome pamoja.